Mnyororo Niliourudisha Sandukuni

Feza wangu,

Umeenda Kashikishi kusukwa nywele, na kwa ninavyomjua msusi wako, hutarudi kabla jua halijaanza kushukia Kongo. Kwa hiyo nina mchana mzima. Chisense, dagaa wetu wa ziwani, wako juani, paka nimemfungia ndani, nami nimekalia kreti la chupa nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuna wa kuniuliza naandika nini. Mara ya mwisho kushika kalamu kwa muda mrefu hivi nilikuwa bado shuleni, na mkono umeshaanza kulalamika.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kwenda kanisani na kuwaangalia wanaume kwa jicho la pili. Hayo nimekupigia kelele miaka kumi na tisa, na kama hayajaingia mpaka leo, karatasi haitasaidia. Wala sitakufundisha kazi. Kesho unaenda Mansa kuendesha lori la watu, kupeleka kwadi, hizi pikipiki za miguu minne, mpaka kwenye zahanati na mashamba ambako gari haliingii. Binti yangu, na funguo za lori mkononi! Leo nimecheka peke yangu mara tatu, mpaka jirani akachungulia juu ya ua.

Ninalotaka kukuandikia ni jambo moja, la mguu wa baba yako.

Wewe na wadogo zako tuliwaambia kwamba aliteleza kwenye matope bandarini akikimbia mvua. Umekua na hadithi hiyo. Ndiyo maana siku ile mwaka jana kule Mantapala, kwenye kambi ya wakimbizi anakofanya kazi, ulipomwona anafunga mbao za kupandishia kwadi kwenye lori, anauvuta mnyororo mara tatu, analizunguka lori, kisha anarudi kuvuta tena, ulisema mbele ya wapakiaji wote: "Papa, we unaogopaka chuma sawa vile mamba! Matope ilikushinda, sasa na ubao itakushinda?"

Watu walicheka. Baba yako naye alicheka, akaendelea kuvuta. Na mimi niliyekuwa nimeleta beseni langu la samaki kuuza pale kambini, nilicheka kuwashinda wote, mpaka nikashika kiuno. Halafu nikatembea na beseni tupu kurudi barabarani, na njiani nikalia. Sikukukasirikia wewe, mama. Wewe ulikuwa hujui. Aliyejua ni mimi, na bado nilicheka.

Hukunijua nilipokuwa mkubwa wa wapakiaji hapa Nchelenge. Unaniona leo na mabeseni na mizani, unadhani nilizaliwa hivi. Zamani boti zikitoka Kilwa ya Kongo, upande wetu wa kule ziwani, zikagusa mchanga, mwenye mzigo alikuwa hashuki kabla ya kuuliza, "Mama Feza iko wapi?" Nilikuwa na wanaume sita chini yangu na sauti iliyofika sokoni. Baba yako alikuwa anaendesha boti. Ungemwona, Feza. Alisimama nyuma, mkono mmoja kwenye injini, mwingine mfukoni, maji yanapanda na kushuka na yeye hayumbi. Wenzake wote walikaa. Nilimpenda kwa kule kusimama kwake, hata kabla sijajua jina lake.

Sasa nieleze jinsi tulivyokuwa tunapakia, maana kosa langu limetoka humo. Ziwani ubao haufungwi. Boti haitulii. Inapanda, inashuka, inasogea pembeni, na ubao unaotoka mchangani mpaka ukingoni mwa boti lazima utembee nayo. Ukiufunga, wimbi moja tu linapasua ukingo au linageuza ubao na mtu yuko juu na gunia. Kwa hiyo ubao unaachwa huru, na mtu mmoja anasimama mwisho wake wa huku nchi kavu, anaukanyaga, anausikiliza kwa nyayo. Boti ikiuvuta anaufuata nusu hatua, ikiusukuma anarudi nao. Hiyo ndiyo kazi tunayoita kukanyaga ubao. Mama yangu alikanyaga. Mimi nilikanyaga tangu nikiwa na miaka tisa. Mpakiaji mgeni akija na kamba yake ya kufunga ubao, tulimcheka mpaka anaamua kwenda kulima mihogo.

Ulikuwa na miezi minane, uko mgongoni mwangu kwenye kitenge. Alikuja muzungu mmoja aliyekuwa akipima maji ya ziwa upande wa Kilwa. Kazi yake ilikuwa imeisha na alikuwa anahamia Mansa na vitu vyake vyote, na baba yako ndiye aliyemvusha. Katikati ya boti, juu ya vyandarua na masanduku, ilikaa kwadi.

Nilikuwa sijawahi kuiona. Nilipigwa na butwaa, Feza, siwezi kukudanganya. Tuliishusha kwa mikono, injini imezimwa, watu wanne wanaizuia kwa kamba na mimi nimekanyaga ubao, na ubao ulitembea chini ya miguu yangu kama nilivyotaka. Kisha muzungu akaiwasha, akaizungusha pale pale ufukweni, kwenye ule mchanga ambako malori yanazama kila wiki. Haikuzama. Ilipita juu ya mchanga taratibu na yale magurudumu yake manene, kila gurudumu linainuka na kushuka kivyake, ikasimama mbele yetu inanguruma kidogo kidogo. Kapya, mpakiaji wangu wa siku nyingi, alivua kofia. Hata wachuuzi wa samaki walinyamaza, na unawajua wachuuzi wa samaki. Mimi nilinyoosha mkono nikaigusa taa yake, na ilikuwa ya moto, nikasema moyoni kwamba Mungu amewapa watu akili kubwa mno.

Na nilisema jambo jingine pia. Nilisema, mimi ndiye niliyeishusha. Hapo ndipo kiburi kiliponiingia.

Lori la Mansa lilikuwa linasubiri pale juu, mahali tambarare, sakafu yake iko juu kufikia kifua changu. Tukaegemeza mbao mbili, na kwa jinsi zilivyokuwa fupi zilisimama karibu kama ngazi. Muzungu akafungua sanduku lake akatoa mnyororo wenye kulabu, akaonyesha kwa mikono kwamba mbao zifungwe kwenye lori. Dereva, Mbemba wa Mansa, mtu mpole, akaja upande wangu.

"Awe, bamayo, hapana mama," akasema, "mufunge tu. Ubao itaenda."

Nilimtazama juu mpaka chini. "We dereva ya Mansa, maji ulishayaona wapi? Siye hatufungaka ubao. Tumeshusha hii kitu mu boti, tutashindwa na lori yenye kusimama?"

Wanaume wangu wakacheka. Muzungu alikuwa bado ameshika mnyororo, hajui amsikilize nani. Basi niliuchukua mimi mwenyewe. Niliuchukua mikononi mwake, nikaurudisha sandukuni, nikafunga kifuniko. Mpaka leo nausikia uzito wake. Ulikuwa mnyororo mzuri, mpya, umepakwa mafuta.

Kapya akakanyaga ubao wa kushoto. Wengine walikuwa bado wanabeba masanduku, kwa hiyo wa kulia niliukanyaga mimi, na wewe mgongoni. Muzungu akaisogeza kwadi, magurudumu ya mbele yakagusa mbao. Wakati huo huo baba yako akatokea majini mbio, suruali imelowa mpaka mapajani, akanisukuma begani. Hakunigusa kwa upole. Alinisukuma mpaka nikapepesuka, akaweka mguu wake mahali palipokuwa na wangu. Nilikasirika sana. Nilidhani anataka kuonekana mwanaume mbele ya mgeni, ananivua ukubwa wangu mbele ya watu wangu. Nikampigia kelele, "Basi kanyaga, tuone!"

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia.

Kwadi ikapanda. Magurudumu ya mbele yakafika kwenye lori, ya nyuma yakauma mbao. Sikujua wakati ule kitu ambacho wewe ulikijua ukiwa na miaka kumi na sita, kwamba gurudumu likipanda linausukuma ubao nyuma. Kwenye boti ni maji yanayohama. Kwenye lori ni ubao wenyewe unaokimbia, na mguu wa mtu hauwezi kuuzuia, hata uwe mguu wa nani. Ubao wa kulia ukachomoka kwenye lori, ukarudi nyuma, ukampiga baba yako kwenye muundi. Akaanguka. Kwadi ikalala upande huo huo, ikaushukia ubao, na ubao ulikuwa juu ya mguu wake. Muzungu aliruka kushoto, hakupata hata mchubuko. Wewe uliamka ukaanza kulia.

Tuliiinua sisi sote, na wachuuzi wa samaki pia. Sitakueleza ule mguu ulivyokuwa.

Tulimlaza kwenye lori lile lile kumpeleka hospitali. Watu wakajaa, na akaja mkubwa mmoja wa bandari na kitabu chake, anauliza kwa ukali, "Nani alikataza kufunga?" Wanaume wangu wakatazama chini. Mimi nilifungua mdomo, na nakuapia sijui hata leo nilitaka kusema nini. Baba yako akajibu kabla yangu. Uso wake ulikuwa umegeuka kijivu, lakini sauti ilitoka vizuri.

"Hakuna mutu alikataza. Ni miye niliteleza. Matope."

Feza, ulikuwa mwezi wa nane. Mvua ilikuwa haijagusa Nchelenge tangu mwezi wa nne. Vumbi lilikuwa linatuingia puani tukiwa tumesimama. Yule mkubwa akatazama chini, akatazama viatu vyake vyeupe kwa vumbi, akamtazama baba yako, akaandika: matope. Kapya akaitikia, "Ndiyo, matope mingi." Na watu wote pale, mmoja baada ya mwingine, wakakubali kwamba palikuwa na matope. Sijawahi kuona kitu kama kile. Kijiji kizima kiliona tope mwezi wa nane kwa sababu mtu mmoja aliyelala kwenye lori alikuwa anaomba hivyo.

Mfupa uliunga vibaya, umeuona mwenyewe ulivyopinda. Mwenye mguu ule hawezi kusimama kwenye boti. Alijaribu mara moja, wimbi dogo tu likamkalisha, akarudi ufukweni akakabidhi injini kwa mtu mwingine. Miaka mingi alishona nyavu za watu akitazama ziwa, mpaka ilipofunguliwa kambi ya Mantapala, wakatafuta mtu anayesema Kiswahili chetu na anayejua mizigo. Na mimi? Boti ziliendelea kuja, na watu waliendelea kuuliza Mama Feza iko wapi. Kama wenye mizigo wangejua kwamba mimi ndiye niliyeurudisha ule mnyororo, hakuna ambaye angenipa tena hata kikapu cha mihogo. Nililea jina langu juu ya mguu wake. Nilipoacha kazi ile nikasema mgongo unauma. Mgongo ulikuwa mzima.

Hajawahi kunitajia. Hata tukigombana, na unajua tunavyogombana, hajawahi kuuchukua mguu ule akaurusha katikati yetu. Mimi ningeurusha mara mia. Nimeishi na mtu huyu miaka yote hii na bado kuna siku namtazama akivua viatu, nashangaa nimelala nyumba moja na kitu gani.

Nimewaza sana kosa langu lilikuwa wapi. Ujinga peke yake ningejisamehe, maana kila mtu huanza hajui. Mimi nilijua mno, ila nilijua maji, nikadhani dunia nzima ni maji. Sasa wewe unajua mno pia, na hilo ndilo linalonitia woga kuliko barabara ya Mansa. Utafika mahali watapakia kwa namna yao, na mtu mpole atakuja kukuambia neno moja, na wewe utakuwa na watu wanaokutazama. Siwezi kukuambia ufanye nini. Naweza tu kukuambia kwamba yule dereva alisema mara moja, kwa upole, nami nilikuwa na muda wa kumsikia.

Lakini kuna siku nyingine, na hii lazima uipeleke Mansa pamoja na ile ya kwanza. Ni mvua hizi zilizopita, pale Mantapala. Watu wa zahanati walitaka kwadi ifike ng'ambo ya mto kabla maji hayajapanda, na mkubwa wao alikuwa amekaa kwenye gari lake anapiga honi. Nilikuwa nimesimama na beseni kichwani. Nilikuona unalizungusha lori polepole, unatoka, unatazama, unaingia tena, nikasema, huyu mtoto anatafuta nini? Ulikuwa unatafuta kichuguu. Ukakipata kile kilichokatwa nusu na wafyatua matofali, ukalirudisha lori kinyumenyume mpaka likakigusa, na mbao ulipoziweka zikalala karibu sawa na ardhi. Ukaweka mawe chini ya magurudumu. Ukafunga mbao kwa mnyororo. Ukavuta mara tatu, ukazunguka, ukarudi ukavuta tena.

Kisha ukapiga kelele, na nilijua ile sauti imetoka wapi: "Batu bote batoke nyuma! Na we mukubwa, acha honi, toka!"

Ukapanda. Ulisimama juu ya kwadi umeinamia mbele, injini haikupaza sauti hata kidogo, ikaingia kwenye lori kama ng'ombe anayerudi zizini kwake. Ukazima, ukaweka breki, ukaifunga pembe zote nne. Hakuna mtu aliyekanyaga ubao. Hapakuwa na mguu wa mtu karibu na zile mbao, Feza, hata mmoja. Nilisahau kwamba nina beseni kichwani. Nilipigwa na butwaa, kama siku ile nilipoigusa ile taa, na safari hii hakikuwa chuma nilichokuwa nakistaajabia.

Baba yako alikuwa kwenye mlango wa stoo. Niliona midomo yake inahesabu pamoja nawe, moja, mbili, tatu. Ulipomaliza akageuka ukutani na kujifuta macho kwa kofia. Ndipo nilipoelewa kwamba kila jioni aliyokufundisha alikuwa anakufundisha ule mwezi wa nane, bila kuutaja, na bila kunitaja mimi.

Nilitaka kumaliza hapo. Lakini nikaona ni aibu kukuambia wewe kabla sijamwambia yeye, kwa hiyo aliporudi kutoka kazini sasa hivi, nilimkalisha kwenye kigogo na kumsomea yote. Alikuwa amechukua begi lako analifunga kwa mkanda. Hakuinua uso. Nilipofika pale aliponisukuma, mikono yake ikasimama.

"Hapo haujaandika muzuri," akasema.

Nikamuuliza nimekosea nini.

"Miye nilikuwa mu maji, niliona ile ubao inaanza kutembea. We ulikuwa umeisha kuweka muguu, na mutoto ku mugongo. Njo maana nikakuya mbio."

"Sasa ju ya nini haukuniita? Si ungesema tu, toka!"

Akanitazama, akacheka kidogo, kile kicheko chake cha siku zote. "Mama Feza. Ningekuita, ungebisha."

Akarudi kwenye mkanda wake. Nami nimerudi kwenye kreti na kalamu yangu. Miaka kumi na tisa nilidhani alikuja kuchukua ukubwa wangu.

Naona jua limegusa maji, na nasikia sauti yako kwa jirani unaonyesha nywele. Nitakunja karatasi hii niiweke chini ya nguo zako, uisome ukishapita Mwansabombwe. Wakati huo utakuwa umeshaona mwenyewe, maana kesho asubuhi baba yako atapanda juu ya minibasi ya Mansa kwa mguu ule ule kufunga begi lako, na atavuta mara tatu, na atashuka, na atapanda tena kuvuta. Nitakuomba usiingie ndani mpaka amalize, bila kukuambia kwa nini. Dereva akipiga honi, niachie mimi.

Mama yako